Ndoo ya Mayatima

Saa saba kasorobo mchana Inspekta Miwani alipita lango la kiwanda cha sabuni akiwa na bahasha ya hospitali mkobani na saa tatu na ushee za kufanya kazi. Saa kumi jalada la msichana aitwaye Kengele lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka. Kwa jinsi lilivyoandikwa mpaka muda huo, binti wa watu angetoka mahabusu ya kituo na kupelekwa gereza lenyewe.

Waliomzoea Miwani walisema kwamba huivaa ile miwani yake, iliyoning'inia shingoni kwa kamba, pale tu mtu anapoanza kumdanganya. Haikuwa kweli. Aliivaa kusomea, kama watu wengine wa umri wake. Lakini hakuwahi kuukanusha uvumi huo, maana ulimsaidia kazini kuliko pingu.

Mkasa wenyewe ulikuwa wa jana yake. Saa nane na dakika kumi na mbili mchana, zamu ya asubuhi ikitoka na ya jioni ikiingia, pipa la kuchanganyia sabuni liliwashwa fundi wa mitambo akiwa ndani. Pipa hilo lingeweza kumeza gari dogo, na ndani yake mna mapanga manne ya chuma yanayozunguka. Fundi alikuwa amejikunja chini ya panga la tatu, pamba masikioni, anabandua sabuni iliyoganda kwa patasi na nyundo. Mapanga yalizunguka mara moja na nusu. Walimtoa akiwa hai, mguu wa kushoto umebaki jina tu, na tangu hapo alikuwa hajafumbua macho.

Aliyebonyeza kitufe ni opereta wa zamu ya jioni, msichana waliyembandika jina la Kengele kwa sababu hakuwasha mtambo wowote bila kugonga kengele mara tatu na kuhesabu ishirini kwa midomo. Asubuhi hiyo, kituoni, alikuwa amemwambia Miwani maneno machache, macho yamevimba. "Nilikuta swichi kuu haina kufuli, afande. Nikagonga kengele zangu tatu. Nikahesabu. Bwana Saa akaniambia washa, nikawasha." Kisha akauliza kama fundi ameamka, na aliposikia bado, akageukia ukuta.

Bwana Saa ndiye aliyempokea Miwani mlangoni mwa kiwanda. Alikuwa msimamizi wa zamu ya jioni, mtu mfupi, nadhifu, mwenye saa kubwa ya mkononi aliyoitupia jicho kila baada ya sentensi mbili. Siku hiyo alikuwa ameitwa kabla ya muda wake na hakulificha hilo.

"Utaratibu wetu uko wazi, afande," alisema, akimpeleka kwenye ukuta uliokuwa na swichi kuu ya pipa, boksi la chuma lenye mkono mwekundu na tundu la kupitishia kufuli. "Fundi anazima hapa, anapiga kufuli lake, ufunguo anatembea nao. Zamu zikibadilishana, anayetoka hafungui lake mpaka anayeingia awe amefunga la kwake. Mtambo haukai hata dakika moja bila kufuli."

"Na jana?"

"Jana fundi hakufunga." Akanyoosha kidole kwenye ubao wa mbao uliopigiliwa misumari, kila msumari na kufuli lake, kila kufuli na kikaratasi cha mwenyewe. "La kwake ni lile jekundu. Limetulia ubaoni. Mungu amponye, lakini huo ni uzembe wake. Na yule binti naye akauongezea wa kwake. Nilimwambia ajiandae. Yeye akawasha."

"Neno lako lilikuwa 'jiandae'."

"Jiandae. Watu wote walisikia."

"Watu gani?"

Bwana Saa akatazama saa yake. "Kulikuwa na kelele, afande. Zamu zikibadilishana hapa ni vurugu tupu."

Miwani hakumwuliza ilikuwaje watu wote wasikie katikati ya kelele. Alilichukua kufuli jekundu na kulipima kiganjani. Makufuli mengine ubaoni yalikuwa yamefunikwa na vumbi jeupe la sabuni, lile linalopenya mpaka kwenye kope. Hili lilikuwa safi. Alipolibonyeza kwa kidole gumba, rangi ilibonyea kidogo na kubaki na alama ya kucha yake.

"Fundi wenu msafi sana," alisema.

"Alikuwa mtu nadhifu."

"Naomba orodha ya waliokuwa zamu ya jioni jana. Iliyosainiwa, tafadhali."

Msimamizi alipopotelea kwenye ngazi, Miwani alifungua bahasha ya hospitali. Ndani mlikuwa na ufunguo mmoja, mdogo, uliofungwa kwenye kamba ya kiatu. Muuguzi alikuwa ameukata shingoni mwa fundi kabla ya upasuaji. Akajaribu kuuingiza kwenye kufuli jekundu. Haukuingia hata nusu. Akaugeuza, akajaribu tena, ukagoma vilevile.

Kwa hiyo kulikuwa na kufuli lisilo la fundi linalojifanya la fundi. Ama alikuwa nalo jingine, ama mtu mwenye ufunguo wa akiba alilifungua lake na kulificha. Miwani akalitia lile la ubaoni kwenye mfuko wa ushahidi, na kwenye msumari mtupu akabandika karatasi yenye sahihi yake.

Nje, kwenye benchi karibu na lango, alikuwa ameketi mdogo wake fundi. Kijana huyu alikuwa mfungashaji wa zamu ya asubuhi, na ndiye aliyekuja kituoni jana jioni kumshtaki Kengele mbele ya koplo wa zamu. Alikuwa ametoka hospitali moja kwa moja, shati ni lile lile la jana. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa plastiki wenye jozi ya viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vizuri.

"Vya kaka," alisema, alipoona Miwani anaviangalia. "Nimevitoa kabatini kwake. Pale hospitali wanataka vitu vyake."

"Pole sana, mdogo wangu. Niambie tena kuhusu Kengele."

"Nilishasema, dada. Wiki iliyopita alimwambia kaka mbele ya watu: siku moja mtambo huu utakusaga. Sasa umemsaga. Nini tena mnatafuta?"

"Walikuwa na ugomvi gani?"

"Anapenda kufoka. Kaka akiingia pipani kumalizia kazi wakati zamu inatoka, yeye anafoka. Eti toka, eti utamaliza kesho."

Miwani akaona kwamba maneno hayo yangeweza kusomwa kwa namna mbili, na kwamba jalada lilikuwa limeyasoma kwa namna moja tu. "Kaka yako alikuwa na tabia ya kutokufunga kufuli?"

Kijana akacheka kwa mara ya kwanza, cheko fupi lisilo na raha. "Kaka? Huyo hata choo cha nyumbani anakifunga komeo mbili. Na lile kufuli alikuwa analipenda. Mwanawe alimchorea samaki kwa msumari, nyuma kabisa. Samaki mwenye miguu. Kila mtu humu ndani anamjua huyo samaki."

"Jana wewe ulikuwa wapi ilipotokea?"

"Kwenye basi la kiwanda. Nilimwekea kiti kama kila siku, nimeweka mfuko wangu juu. Saa nane na dakika kumi likaondoka. Tuko barabarani ndipo simu ikaja."

"Ulijua bado yuko ndani?"

"Nilijua anamalizia kubandua sabuni." Akainama kuufunga vizuri mfuko wa viatu, ingawa ulikuwa umeshafungwa. Miwani alilihifadhi hilo kichwani. Alikuwa pia amegeuza kufuli la ubaoni mara mbili, na halikuwa na samaki wala miguu.

Ilipofika saa nane king'ora kililia. Miwani alisimama karibu na mashine ya kadi, mahali ambapo kila mfanyakazi hutumbukiza kadi yake na kugongewa saa ya kuingia au kutoka. Mtu akitaka kujua kiwanda kinaendeshwaje, aliamini yeye, asisome kanuni zilizobandikwa ukutani. Asimame pale watu wanapokimbilia basi.

Na kweli walikimbia. Msichana mnene wa zamu ya asubuhi alifika na kadi nne mkononi, akazigonga moja baada ya nyingine kwa wepesi wa mtu anayekata vitunguu.

"Zote zako?" Miwani aliuliza.

Msichana akashtuka, kisha akatabasamu. "Tunagongeana tu, afande. Ukigonga baada ya saa nane na dakika kumi, kesho unaandika barua ya kujieleza. Barua tatu kwa mwezi, unasimamishwa. Sasa mwenzako yuko chooni, utamwacha?"

"Kwa hiyo kadi inaweza kuwa imetoka na mwenyewe yuko ndani."

"Dakika tano, kumi. Nani atajua?" Akamwacha Miwani na swali lake, akalikimbilia basi.

Kabla Miwani hajaondoka mahali pale, sauti ya mwanamume ikaita kutoka ndani, juu ya kelele zote: "Bwana Saa! Kuna yatima kwenye mkanda wa tatu!"

Msimamizi alikuwa akishuka ngazi na orodha mkononi. Alisimama kama mtu aliyekanyaga msumari. "Si sasa," alijibu kwa sauti ya chini. Aliyeita, ambaye inaelekea hakujua kuna mgeni, akaita tena, na mtu akamziba mdomo.

"Yatima ni nani?" Miwani aliuliza, akaivaa miwani yake.

"Utani wa wafanyakazi, afande."

"Napenda utani. Nielezeni na mimi nicheke."

Watu sita waliokuwa karibu wote wakapata kazi ya haraka mahali pengine. Miwani aliipokea orodha, akaikunja bila kuisoma, akauliza ilipo stoo. Tangu pale ubaoni ufunguo wa akiba ulikuwa ukimkereketa, na pengine stoo ndiko ulikotunzwa.

Stoo ilikuwa chumba kirefu nyuma ya kiwanda, chenye dirisha la nondo, na nyuma ya dirisha palikuwa na mwanamke mzee aliyevaa koti la khaki lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Wote walimwita Bibi Stoo. Hakuinua macho kutoka kwenye daftari lake.

"Shikamoo," Miwani alisema.

"Marahaba. Fomu yako iko wapi?"

"Sitaki kitu, bibi. Ni polisi. Nataka kujua nani ana funguo za akiba za makufuli ya mafundi."

"Hakuna. Zilivunjwa zote mwaka juzi, mbele yangu. Kufuli moja, ufunguo mmoja, mtu mmoja. Hata mimi sina, na mimi nina kila kitu."

Miwani akamtazama kwa muda. Mtu anayetunza kila kitu na hana hicho kimoja, hilo lilimtia shaka zaidi kuliko kama angejibaraguza. "Na hivi karibuni kuna mtu aliyekuja kuuliza jambo la makufuli?"

Hapo kikongwe akainua macho, na ndani yake mlikuwa na kinyongo kibichi cha siku hiyo hiyo. "Bwana Saa amenigongea mlango alfajiri, bado sijavua hata skafu yangu. Anataka ndoo ya mayatima. Nikamwuliza fomu, hana. Akanifokea. Mimi, niliyeanza kazi hapa yeye akiwa anatambaa. Nikamwambia bila fomu hapa hata vumbi halitoki."

"Ndoo ya mayatima," Miwani alirudia polepole.

"Makufuli yaliyokatwa." Bibi Stoo alimshangaa kidogo kwa kutokujua. "Zamu ya asubuhi wanakimbilia basi, mtu anasahau kufuli lake kwenye swichi. Zamu ya jioni wanalikuta, mwenyewe yuko njiani, mtambo umekwama. Hilo ndilo yatima. Basi msimamizi analikata kwa mkasi wa chuma, analitupa ndooni hapo nje ya dirisha langu, nami saa nane u nusu naiingiza ndoo ndani na kufunga. Vyuma vinauzwa mwisho wa mwaka."

"Jana uliiingiza saa ngapi?"

"Watu walikuwa wanapiga kelele fundi amesagwa. Niliogopa, nikafunga mapema. Saa nane na kama dakika kumi na tano. Ndoo ilikuwa imeshaingia."

Miwani alichomoa kalamu. "Bibi, nitakuandikia fomu yoyote unayoitaka."

Alijaza mbili. Kisha ndoo ikapitishwa mlangoni, nzito, na ikamiminwa juu ya gunia sakafuni. Makufuli yalikuwa thelathini na kitu, ya bluu, ya kijani, mengi yakiwa meusi kwa uzee, kila moja shingo yake imekatwa. Jekundu lilikuwa moja tu, karibu ya juu. Miwani aliligeuza. Mgongoni, chini ya vumbi la sabuni, samaki mwenye miguu minne na tabasamu pana alimtazama.

Akatoa ufunguo wenye kamba ya kiatu. Uliingia bila kusukumwa, akauzungusha, na kile kipande cha shingo kilichosalia kikachomoka kwa mlio mdogo.

"Hilo lilikuwa na mwenyewe," Bibi Stoo alisema taratibu, na kwa mara ya kwanza akaliweka daftari chini.

Ofisi ya Bwana Saa ilikuwa juu ya ngazi, yenye kioo kikubwa cha kutazamia mitambo. Miwani hakuketi. Aliweka kufuli la ubaoni juu ya meza, kisha akaliweka la samaki kando yake.

"Hili la kwanza ulilipaka rangi lini?"

Msimamizi akatazama saa yake. Pengine hakuona hata mishale. "Jana. Saa kumi na nusu."

"Na hili la pili ulilikata?"

"Nisikilize, afande. Mimi si mwehu wala si muuaji." Akakaa, kana kwamba kuna mtu aliyeikata kamba iliyomshikilia. "Saa nane na dakika saba nalikuta kwenye swichi. Nimeuliza, hakuna anayejibu. Pipa limelala. Kwa wiki moja nakutana na mayatima watano, sita. Hata hivyo sikukata tu. Nilikwenda kwenye kadi." Akavuta droo na kutoa kadi ya fundi, mikono miwili, kama anayetoa cheti cha ndoa. "Tazama mwenyewe. Imetoka saa nane na dakika mbili. Mtu aliyetoka saa nane na mbili hawezi kuwa ndani ya pipa saa nane na saba."

"Utaratibu unasemaje ukikuta kufuli lisilo na mwenyewe?"

"Umpigie simu."

"Ulipiga?"

"Kadi ilishasema."

"Kisha upande ngazi, uangalie ndani ya pipa kwa macho yako."

"Kadi ilishasema, afande."

"Na Kengele ulimwambia nini? Neno lenyewe."

Bwana Saa akageukia kioo. Chini, nyuma ya kioo, pipa lilikuwa limezungushiwa utepe na watu walilipita kwa mbali. "Washa," alisema hatimaye.

Miwani aliyaandika yote na kumpa asaini. Alikuwa karibu kushukuru moyoni, lakini kalamu ilipogusa karatasi, Bwana Saa aliinua kichwa na macho yakawa yamepata uhai tena.

"Andika na hili. Fundi aligonga kadi akatoka. Akarudi kinyemela, bila kufuli, bila kumwambia mtu. Mimi nimekata kufuli la mtu aliyekwenda kwao. Kubadilisha lile la ubaoni, nilipaniki, hilo ni kosa, nitalibeba. Lakini wa mwisho kuhakikisha pipa ni tupu ni opereta. Si mimi."

"Alirudi akavua viatu vyake akavaa buti za kazi tena?"

"Inawezekana."

Miwani aliichukia sentensi hiyo kwa sababu kweli iliwezekana. Mwendesha mashtaka angeimeza bila kutafuna, na Kengele angebaki pale pale. Akampigia simu koplo wake aliyekuwa akisubiri garini, akamwacha mlangoni pa ofisi, akashuka na kadi ya fundi, na kwenye rafu ya kadi akaichomoa nyingine moja, ya mdogo wake. Aliziweka sambamba chini ya taa. Jana, zote mbili saa nane na dakika mbili. Juzi, zote dakika tatu. Siku ya nyuma yake, zote dakika mbili. Mmoja alitokea upande wa mitambo, mwingine upande wa kufungashia, milango miwili tofauti ya jengo, na bado kwa wiki nzima walikuwa wamefika pamoja kwa dakika ile ile.

Ilikuwa saa tisa na robo. Kijana alikuwa bado kwenye benchi la lango. Miwani akaketi kando yake, akavua miwani na kuiacha ining'inie.

"Kaka yako alifunga kufuli lake," alianza. "Nimelipata, na samaki wake. Bwana Saa alilikata."

Kijana akageuka mzima mzima. "Nilijua. Nilijua kaka hawezi. Basi mkamateni huyo."

"Hakukurupuka tu akakata. Alikwenda kwanza kuangalia kadi. Kadi ya kaka yako ilikuwa imetoka."

Kijana akaangalia barabarani. Basi la kiwanda lilikuwa limeshaondoka zamani na barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona.

"Jana ulipogonga kadi yako," Miwani aliuliza, "uligonga ngapi?"

Kijana aliuvuta mfuko wa viatu ukaja mapajani mwake. Miwani hakumharakisha, ingawa kila dakika ilikuwa ya Kengele.

"Ameshaandika barua mbili mwezi huu," kijana alisema mwishowe. "Ya tatu wangemsimamisha. Hata hakuniomba, dada. Siku nyingine huniomba. Jana hakuniomba. Nilipita tu nikaona kadi yake, nikaona nitamfaa."

"Ulijua bado yuko ndani."

"Tangu usiku najiambia kadi haiwashi mtambo. Nilijiambia hivyo nikiwa nimemshika mkono pale kitandani. Ndiyo maana nikaja kwenu na maneno ya Kengele." Akaugeuza mfuko mapajani. "Alimwambia hivyo kwa sababu alikuwa anamwogopea. Kila mtu anajua. Hata mimi nilijua."

Miwani alimwonea huruma kiasi cha kutaka kuondoka, na hakuondoka. "Sikiliza vizuri. Hakuna aliyekuona. Mimi nina dakika mbili kwenye kadi mbili, na hiyo si kitu mahakamani. Ukisema kaka yako alitoka mwenyewe, nitalazimika kuandika hivyo, na Bwana Saa atasema alirudi kinyemela, na jalada litakwenda kama lilivyo. Ukisema ulichoniambia sasa, basi fundi hakutoka kamwe, kufuli lake lilikuwa halali mpaka lilipokatwa, na Kengele atalala kwao leo."

"Na kaka akiamka?"

"Atakuwa na haki ya kujua."

"Ataniuliza mimi. Hatamwuliza mtu mwingine." Akauangalia mfuko kana kwamba viatu ndivyo vitakavyouliza. "Nitamwambiaje?"

 Miwani alitazama saa ya ukutani juu ya chumba cha mlinzi. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na nane, na kutoka pale mpaka kituoni ni mwendo wa robo saa.

"Nipe kalamu," kijana alisema.

"Tutaandikia kituoni, mbele ya shahidi."

Akainuka. Njiani kuelekea gari alisimama mara moja, akageuka kutazama mashine ya kadi kupitia mlango wa kiwanda, kisha akaendelea. Miwani alimfungulia mlango wa nyuma na kupiga simu kituoni wakati huo huo, akawaambia wamtoe Kengele mahabusu, wampe maji ya kunawa uso, na wamwekee kiti ofisini asubiri.

Kijana aliingia nyuma, akasogea mpaka dirishani. Akaviweka viatu vya kaka yake kwenye kiti cha pembeni, na gari lilipoondoka akavishikilia kwa mkono mmoja visianguke.